Kiboko ya Mzungu

Jina lake lilikuwa Sijaona, na uongo ulianzia hapo hapo kwenye jina, maana hakuna kitu ambacho mwanamke huyu alikuwa hajakiona. Alikuwa ameona mvua ya vyura pale Mutuka. Alikuwa amemwona kambare wa Ziwa Babati akitembea kwa miguu kwenda Sigino kutafuta mchumba, na viatu kavaa. Alikuwa amemwona jogoo aliyemwagikiwa maji ya ubatizo kwa bahati mbaya, akawa Jumapili hawiki mpaka misa iishe. Kila alipogeuza samaki kwenye karai alikumbuka jambo jingine, na watu walisimama na perege wao mkononi hadi wakapoa, na basi la Singida likaondoka likiwaacha wamekodoa macho.

Samaki hao alikuwa anawakaangia barazani kwa Bushiri, duka la kona karibu na stendi. Alikaa hapo tangu Babati ikiwa mji wa watu kushuka, kujinyoosha mgongo na kupanda tena gari kwenda Arusha. Manyara ilipotangazwa kuwa mkoa, yeye alikuwa hapo hapo na karai lake. Mkoa wenyewe ulikuwa bado unanyonya. Ofisi zilikuwa na vibao mlangoni na ndani hamna viti, na maofisa waliohamishiwa walitembea mjini na mabegi wakiuliza nyumba za kupanga zenye choo cha ndani. Kila mwenye duka alikuwa anapaka rangi. Bushiri naye alilipaka la kwake kijani, akanunua kabati la vioo, akasimama nje kuangalia uzuri wa mali yake, na mbele ya uzuri huo wote akamwona Sijaona.

Kumwona hakukuwa na shida. Mungu alipokuwa anamgawia huyu mama maumbile, alipofika kwenye makalio kuna mtu alimwita pembeni, akaenda kumsikiliza, na huku nyuma udongo ukaendelea kumiminika. Kiti kilikuwa hakimtoshi. Alikalia benchi, na benchi lilijua kuwa limekaliwa.

Bushiri kwa asili yake ni mtu wa Pangani. Yeye mwenyewe Pangani alikuwa hajaiona hata kwenye ndoto, babu yake ndiye aliyekuja bara na misafara, lakini alikilinda Kiswahili kama mtu aliyeachiwa shamba na kuambiwa ngedere ni wengi. Mtu akija akasema, "Nipe kiberiti ingine," Bushiri hamuuzii. Anaweka mikono kaunta, anamwangalia, anangoja mpaka aseme "kingine". Wakulima walioshuka kutoka Mbulu walikuwa wanafanyia mazoezi njiani kabla ya kuja kununua chumvi. Na alikuwa na masikio, Bushiri. Yalisimama mbali na kichwa, nje ya kofia yake, kama milango ya kabati ambayo mtu alifungua akasahau alichokuwa anatafuta.

"Mama Leonsi," akaanza asubuhi hiyo, Leonsi akiwa kifungua mimba wa Sijaona. "Kabati langu limeota ukungu wa mafuta."

"Ni jipya hilo, linatoka jasho. Litazoea."

"Na watu wanajaa hapa, hawaingii ndani. Wanakuja dukani kwangu kununua uongo wako."

"Si uuze na wewe? Nani kakukataza?"

"Sokoni kuna sehemu ya wakaanga samaki. Uhamie huko."

Sijaona akacheka, halafu akaona Bushiri hacheki. Akamgeuza samaki ambaye alikuwa ameshageuzwa.

Kule sokoni wanawake wanakaanga wamepangana mstari, moshi unawaingia machoni, na mnunuzi anafika, anafungiwa, anaondoka. Samaki angeuza popote. Lakini hadithi inataka watu waliokwama, wasio na pa kwenda mpaka gari lijae, na watu wa aina hiyo wako stendi tu. Kumhamishia sokoni ilikuwa sawa na kumshona mdomo, na mdomo ndicho kitu pekee katika mwili wake ambacho kilikuwa bado hakimuumi.

Zena, mke wa Bushiri, alikuwa anafagia mlangoni. Akasema, "Baba Hamdani, kabla hujamfukuza mtu, umesikia zile picha? Zimeletwa pale ukumbini. Michoro ya zamani, enzi za Mjerumani, inatoka nyumba ya makumbusho huko Ulaya. Wanasema mingine ilichorwa hapa hapa Babati."

Bushiri akageuka polepole, uso umemng'aa.

Mji mzima ulikuwa unaijua hadithi kubwa ya Sijaona, ile aliyoitunza kwa ajili ya siku basi likiharibika kabisa. Ilikuwa ya bibi yake, Ama, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha ya kwao. Mzungu alikuja na makaratasi na rangi akataka kumchora. Ama akasema hawezi kukaa chini kama kuku. Akapiga mluzi, kiboko akatoka ziwani, akapiga magoti, Ama akamkalia mgongoni, akarekebisha vazi lake la ngozi, akasema, "Haya, chora." Mzungu akachora. Alipomaliza, kiboko akaomba na yeye aonyeshwe, akaiangalia sana, akasema pua imekosewa.

Ukweli ni kwamba Ama mwenyewe hakusema yote hayo. Ama alikuwa mtu wa ugoro na maneno machache, na Kiswahili alikipatia ukubwani. Alichokuwa anasema, kila mtu alipomsumbua, awe mtoza kodi au mkwe, kilikuwa kimoja tu: "Niache! Mimi nilikalia kiboko ya Mzungu!" Basi. Mluzi, magoti na pua vilikuwa kazi ya mjukuu.

"Kiboko ya!" Bushiri alikuwa anadhihaki kila alipoisikia. "Hata uongo wenu hauna ngeli."

Sasa akatoka nje ya mlango kabisa ili watu wasikie. "Mama Leonsi, twende ukumbini. Nikimwona bibi yako kwa macho yangu haya mawili amekalia kiboko, utakaa barazani kwangu mpaka uote mizizi. Nisipomwona, kesho karai linahama."

"Apa."

"Wallahi!"

"Mimi shahidi," akasema Zena, akautupa ufagio.

Sijaona akafunga kanga yake vizuri, akanyanyua kidevu, akatembea mbele yao kama mtu anayekwenda kupokea mahari. Lakini yule kiboko alikuwa amemuumba mwenyewe kwa mdomo wake, siku ya mvua, basi la Kondoa likiwa limekatika springi. Kama kuna mtu duniani aliyejua kwa hakika kwamba hayupo kwenye picha yoyote, ni yeye.

Ukumbini walipokelewa na bwana aliyeitwa Egidius, ofisa wa mambo ya kale aliyekuja na picha zake, tai shingoni na fimbo nyembamba ya kuonyeshea.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Karibuni. Picha zenyewe zimebaki Ulaya, zinafungiwa kwenye droo zisipigwe na jua. Hizi ni nakala."

"Marahaba mwanangu," akasema Sijaona. "Kwa hiyo Babati yenyewe ipo kwenye droo, sisi tumeletewa kivuli."

Egidius akakohoa, akawapeleka ukutani. Akawaeleza kuwa kuna michoro ya penseli, kuna ya rangi za maji, na kuna picha za kuchapwa. Mchoraji akiwa huku anachora kwa penseli harakaharaka, jua linamchoma na nzi wanamtembelea. Akirudi kwao, karatasi anapewa fundi, fundi anaichonga upya kwenye bamba la shaba, anapaka wino, anagandamiza karatasi, zinatoka picha nyingi za kuuza.

"Huyo fundi alishafika Babati?" akauliza Sijaona.

"Hapana. Wengi wao hawakutoka hata mjini kwao."

"Aaa," akasema Sijaona, akasogea kwenye picha inayofuata.

Wakafika kwenye ziwa la rangi za maji. Lilikuwa zuri, bluu kabisa, na nyuma yake ulikuwepo mlima Kwaraa na kichwa cheupe.

"Nani kaimwagia Kwaraa unga?"

"Ile ni theluji, mama. Mchoraji nadhani alikumbuka milima ya kwao."

"Kaongopa."

"Si uongo hasa. Tunaita ubunifu."

"Kumbe! Mimi nikifanya naitwa mwongo, na kufukuzwa nafukuzwa." Akamwangalia Bushiri. Bushiri akaangalia dari.

Na mchoraji huyo hakuwa peke yake. Kulikuwa na picha ya kuchapwa ya ng'ombe wenye nyuso za watu, ng'ombe wa kwanza kafanana na mwenyekiti wa mtaa. Kulikuwa na nyumba ya tembe yenye bomba la moshi. Kulikuwa na nyani amekaa mkao wa padri. Sijaona alipita mbele ya kila moja akitikisa kichwa kwa heshima, kama fundi seremala anayeangalia meza za fundi mwenzake. Hawa walikuwa watu wa kazi yake. Wangepata benchi na karai, wangechelewesha mabasi.

Lakini Ama hakuwepo. Ukuta wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha, na Bushiri akaanza kuimba puani. Zena akamshika Sijaona mkono. Ubao mmoja tu ulikuwa umebaki, kule kona, karibu na mlango wa kutokea.

Wakafika.

Kwenye picha ya kuchapwa, kubwa, wino mweusi umekolea, mwanamke alikuwa amekaa ukingoni mwa ziwa, mkao wa mtu ambaye hana mpango wa kuondoka. Na alikuwa amekaa juu ya kiboko. Kiboko mwenyewe alikuwa na masikio ya nguruwe, meno kama majembe yaliyosahauliwa mvuani, na kope ndefu za bibi harusi. Chini yake pamebandikwa karatasi: *Mwanamke wa Babati juu ya kiboko.*

Sijaona akashika ukuta. Umeshawahi kudanganya mtu kuwa nyumbani una simba, ukafungua mlango, ukamkuta simba kakaa sebuleni anakungoja? Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Pua kweli imekosewa."

Zena akapiga kigelegele mpaka vioo vya madirisha vikajibu.

"Ngoja, ngoja," akasema Bushiri, kofia imeshaanza kumkaa upande. "Nani kasema huyo ni bibi yake? Babati ilikuwa na mwanamke mmoja tu?"

"Mama Leonsi," akasema Zena, "geuka."

"Nigeuke nini?"

"Wewe geuka."

Sijaona akageuka. Mwanamke wa kwenye picha naye alikuwa amekaa upande, na fundi wa Ulaya, pamoja na uongo wake wote, sehemu ile alikuwa ameinakili kwa uaminifu mkubwa. Zena akaangalia ukutani, akaangalia kanga ya Sijaona, akarudi ukutani. Egidius akavua miwani kuifuta, akachelewa sana kuirudisha.

"Hata ningeapishwa msikitini," akasema Zena, "ningesema ni ukoo mmoja."

Bushiri akawa kama mtu aliyeona gari lake linaondoka. Akahangaika na macho, huku na huku, akitafuta pa kushika, na hapo ndipo alipoona karatasi ndogo iliyotundikwa pembeni ya ile kubwa. Ilikuwa mchoro wa penseli, umefifia, mtu angeweza kuupita. Mwanamke yule yule, mkao ule ule. Lakini chini yake hapakuwa na mnyama. Palikuwa na jiwe. Na kwenye pindo la vazi lake la ngozi, kitu kilikuwa kimechomoza, chembamba, kimesokotwa, kama mkia wa panya.

Bushiri akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Akaruka.

"Hiki hapa! Hiki hapa! Siyo kiboko mnyama! Ni kiboko cha kupigia! Kakalia fimbo!"

Egidius akaja mbio na miwani yake. Akatazama. Pembeni ya mchoro kulikuwa na mwandiko wa Kijerumani, mdogo kama siafu, naye akausoma polepole akiugeuza Kiswahili: "'Mwanamke amekalia kiboko. Hataki kunyanyuka. Mnyapara anakitafuta.' Neno lenyewe, kiboko, ameliandika kwa Kiswahili." Halafu akajipiga kiganja kwenye paji la uso. "Karatasi imefika kwa fundi kule. Fundi kafungua kamusi yake. Kiboko, mnyama wa majini. Akachora mnyama."

Hapo sasa wote wanne wakaisogelea ile ndogo, vichwa vimegusana, wakaona vilivyobaki. Mizigo imetuliwa chini. Wapagazi wamesimama mbalimbali, wanaangalia pembeni. Mmoja amelazwa kifudifudi kwenye majani, mgongo wazi, anangoja kuchapwa. Na mnyapara wa msafara, mwenye kanzu na kofia, ameinama anapekua nyuma ya mizigo, kapoteza kitu chake. Mwanamke amekaa katikati ya yote hayo anaangalia ziwa.

Kwa hiyo Ama alisema kweli, tena neno kwa neno. Angesema "kiboko cha Mzungu", watu wote wangejua ni fimbo. Angesema "kiboko wa Mzungu", wangejua ni mnyama. Lakini Ama alikuwa mtu wa bara, kwake kila kitu kilikuwa "ya": mtoto ya, kikombe ya, mbuzi ya. Akasema "kiboko ya Mzungu" na akaenda nayo kaburini.

Sijaona akatafuta pa kukaa. Akakalia kiti cha Egidius, kikalalamika. Alikuwa anauangalia ule mgongo wa mtu aliyelala. Ulikuwa msafi. Penseli ilikuwa haijaweka alama hata moja. Akamkumbuka Ama na ugoro wake, anavyokaa kwenye kigoda na kigoda hakionekani, na wao watoto wanavyomcheka kwa nyuma. Akapenga kamasi kwa ncha ya kanga.

"Kumbe," akasema, "haya makalio ya kwetu yamewahi kufanya kazi ya maana."

Egidius akashindwa kujizuia, akacheka mpaka tai ikapinda.

Bushiri hakucheka. "Basi nimeshinda," akasema. "Mnyama hamna. Karai linahama kesho."

"Ulisemaje pale dukani?" akauliza Zena.

"Nilisema nikimwona amekalia kiboko."

"Kiboko wa, au kiboko cha?"

Bushiri akarekebisha kofia.

"Hukusema," akasema Zena. "Wewe, mlinzi wa ngeli, hukusema. Sasa tazama: huyu kakalia wa, na huyu kakalia cha. Vyote viwili kavikalia. Na umeona kwa macho yako mawili, jicho moja kwa kila picha."

"Lakini huyo mnyama ni uongo wa Mzungu!"

"Basi kamfukuze Mzungu barazani," akasema Sijaona.

"Mama Hamdani, unamsaidia mtu baki dhidi ya mumeo?"

Zena alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa ameinama kwenye ule mchoro wa penseli, anamtazama mnyapara. Akatazama kwa muda. Akageuka akamtazama mumewe, upande mmoja wa kichwa, kisha upande wa pili.

"Baba Hamdani. Babu yako si alikuja na misafara?"

"Eeh. Kwa nini?"

"Masikio haya mimi nalala nayo kila siku."

Sijaona akanyanyuka kuja kuona. Egidius naye akanyoosha fimbo yake ya kuonyeshea, akaonyesha bila kukusudia. Yalikuwa masikio mawili, yamesimama mbali na kofia, penseli imeyapitia mara mbilimbili kama vile mchoraji mwenyewe hakuamini.

"Picha imefifia," akasema Bushiri, akashika njia ya mlangoni. "Haionekani vizuri. Mimi nimeacha duka wazi."

Siku iliyofuata karai lilikuwa barazani, mafuta yanachemka, na basi la Arusha lilikuwa limeharibika. Mudy, mpiga debe wa stendi, akaja na abiria wake nyuma, akakaa juu ya ndoo.

"Bibi, shikamoo. Lete yule kiboko. Tuko hapa mpaka spea ifike."

"Marahaba. Leo nina ya kweli," akasema Sijaona.

Wakacheka wote. Naye akaanza: wapagazi, mizigo, mtu kalazwa chini, Ama kaiona fimbo imewekwa juu ya jiwe, kaja kaikalia, kaangalia ziwa, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumnyanyua mwanamke yule alivyokaa. Ikaisha. Ilikuwa fupi.

"Aa, bibi," akasema Mudy. "Leo umeongopa mpaka umepitiliza. Mtu akalie fimbo ya Mjerumani, na abaki na roho? Rudisha mnyama."

"Rudisha mnyama!" wakasema abiria.

Sijaona akabaki na kijiko hewani. Kwa jogoo wa Jumapili walimwamini. Kwa kambare na viatu vyake walimwamini. Akaangalia watu, akaangalia karai, kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza.

Ndani ya duka kitu kikaanguka. Bushiri akatoka na fimbo yake ya kupimia vitambaa mkononi, uso umemwiva.

"Nyie watu mna nini? Ni kweli! Nimeona kwa macho yangu! Kwanza ni kiboko *cha*, siyo kiboko *wa*, msikilize vizuri. Mama wa watu kakaa hivi." Akajaribu kukaa kwenye ngazi, haikupendeza, akasimama. "Na kiboko chenyewe si hizi fimbo zenu za kuchungia mbuzi. Kirefu! Kutoka hapa mpaka pale kituo cha mafuta! Kimekunjwakunjwa chini yake kama kamba ya mashua, na hakuonyesha hata kuwashwa!"

Watu wakasogea. Mwanamke mmoja akaacha mzigo wake katikati ya barabara. Bushiri akapanda ngazi ya juu, akapanua mikono, akawa anasimulia na jasho linamtoka, na Sijaona akashusha kijiko polepole, akamtazama kama alivyowatazama wale ng'ombe wenye nyuso za watu.

"Endelea, Baba Hamdani," akasema kwa upole. "Na mnyapara je? Watu wanataka kujua mnyapara alikuwa anafananaje."

Bushiri akaivuta kofia yake chini, upande huu, na upande huu, mpaka ikayafunika masikio.

"Mnyapara hakuonekana vizuri," akasema. "Geuza samaki, Mama Leonsi, wanaungua."